Daftari Kabla ya Darubini

Miongoni mwa maradhi yamlayo mwanadamu kwa siri, ni machache yatoayo muhula mrefu wa kugunduliwa na kutibiwa kama saratani ya mlango wa kizazi, na kwa sababu hiyo ni machache ambayo vifo vyake ni lawama kubwa juu ya wale waliopewa amana ya kuchunga siha ya umma. Chanzo chake ni kirusi cha papiloma, ambacho matabibu hukiita HPV, nacho hupita baina ya watu kwa kujamiiana. Wanawake walio wengi hukutana nacho wakati fulani wa maisha yao, na aghalabu mwili hujisafisha wenyewe katika mwaka mmoja au miwili pasipo mwenyewe kuhisi lolote. Kwa wachache kirusi hicho hakitoki. Hukaa katika utando wa mlango wa kizazi, kikazibadili chembe zake kidogo kidogo, hata ikapita miaka 15 au 20 kabla mabadiliko hayo hayajawa saratani kamili. Na kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na Virusi vya UKIMWI, muhula huo waweza kupungua ukawa miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo mwanamke hana maumivu, hatokwi na damu isiyo ya kawaida, wala hana sababu ya kwenda hospitali. Naye lau angeitwa, akaangaliwa, na mabadiliko yale yakaonekana, angetibiwa kwa dakika chache na kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Walakini walio wengi hawaitwi. Katika mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na wapatao 350,000 wakafariki kwayo, sehemu kubwa yao katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Kwa Tanzania, makadirio ya miaka ya karibuni ni wagonjwa wapya 10,000 hivi kila mwaka. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, penye majengo ya ufukweni yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, hii ndiyo saratani iwaletayo wanawake wengi kuliko nyingine yoyote, na wengi wao hufika wakati maradhi yamekwisha kuvuka mlango wa kizazi na kuingia katika viungo vya jirani, ambapo tabibu, kwa elimu yake yote na huruma yake yote, hawezi tena kuahidi kupona.

Sura hii yahusu namna taifa liwezavyo kupanga kazi ya kuwafikia wanawake hao mapema, nami nakusudia kubainisha jambo moja juu ya mengine yote, nalo ni kwamba katika mpango wa taifa wa uchunguzi daftari la wanaostahiki kuitwa lina uzito kuliko kipimo wanachopimwa. Kauli hii yaweza kumshangaza msomaji aliyezoea kusikia habari za mashine mpya na kampeni za mwishoni mwa wiki. Lakini historia ya uchunguzi wa maradhi haya, tangu ulipoanza, yaishuhudia.

Dakta Georgios Papanicolaou, Mgiriki mzaliwa wa kisiwa cha Euboea aliyehamia New York, alitumia miaka mingi kuzitazama kwa darubini chembe zilizochukuliwa katika njia ya uzazi, na mwaka 1943, akishirikiana na Herbert Traut, alitoa kitabu kilichowayakinishia matabibu wenzake kwamba saratani na dalili zake za awali zaweza kuonekana katika chembe hizo hata kabla mgonjwa hajajihisi mgonjwa. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi, cha kukwangua kidogo, kupaka juu ya kioo, kutia rangi na kutazama, nacho kikaenea upesi katika nchi tajiri. Lakini matunda yake hayakuwa sawa kila kilikokwenda, na tofauti hiyo ndiyo elimu kubwa zaidi aliyorithi mpangaji wa leo.

Finland iliasisi mpango wake mwaka 1963, ikatumia daftari la wakazi wote wa nchi kumwandikia barua kila mwanamke wa umri wa miaka 30 hadi 60, kwa jina lake na anwani yake, aje apimwe mara moja katika kila miaka 5, na majibu yote yakahifadhiwa mahali pamoja, hata ikajulikana nani amekuja, nani hakuja, nani amekutwa na dalili na nani amekwisha kutibiwa. Na katika miongo iliyofuata wagonjwa na vifo vilipungua kwa asilimia 80 hivi. Uingereza nayo ilianza kupima katika miaka hiyo hiyo ya 1960, tena kwa wingi, lakini bila wito wa utaratibu. Waliokuja walikuwa hasa wanawake vijana waliokwisha kufika kliniki kwa ajili ya ujauzito au uzazi wa mpango, wakapimwa tena na tena, ilhali watu wazima na maskini, ambao hatari kubwa ilikuwa juu yao, walibaki majumbani. Ilipofika mwaka 1988 ndipo ulipowekwa mfumo wa kompyuta wa kuwaita wanawake wote na kuwarudia. Mwaka huo waliokuwa wamepimwa ndani ya muda uliopangwa walikuwa asilimia 42, na mwaka 1994 wakawa asilimia 85, na vifo vikapungua waziwazi. Norway, jirani wa Finland mwenye utajiri na matabibu wa kutosha, haikuwa na mpango wa taifa zima hadi mwaka 1995, na katika miaka ile ya kungoja upungufu wa maradhi ulikuwa mdogo kuliko wa jirani zake. Darubini zilikuwa zile zile, na kioo kile kile. Kilichotofautiana ni kwamba mahali pengine mwanamke aliitwa, na mahali pengine aliachwa ajiite mwenyewe.

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni 10 za uchunguzi wa maradhi, zilizoandikwa na J. M. G. Wilson na Gunnar Jungner, na miongoni mwake zimo tatu ambazo kila mpangaji angepaswa kuzibandika ukutani juu ya meza yake. Ya kwanza ni kwamba pawepo tiba inayokubalika kwa wale watakaokutwa na maradhi, na ya pili ni kwamba pawepo mahali pa kuitolea. Na ya tatu ni kwamba kutafuta maradhi kuwe kazi ya kudumu, wala si jambo la kufanywa mara moja likaachwa. Kwa hiyo mpango wa insafu huanzia mwisho. Kabla ya kununua kipimo hata kimoja, mpangaji aulize ni nani atakayemtibu mwanamke wa kwanza atakayekutwa na dalili, kwa kifaa gani, siku gani na kwa gharama ya nani. Kwani kumwambia mama wa watoto watano kwamba ana dalili za saratani, kisha ukampa karatasi na kumwelekeza hospitali iliyo mbali na uwezo wake, ni kumtwisha hofu badala ya kumpunguzia maradhi.

Mataifa yamekwisha kukubaliana juu ya lengo. Mwaka 2020 yalipitisha mkakati wa kuitokomeza saratani hii kama tatizo la afya ya umma, na kwa mujibu wake kila nchi yatakiwa kufikia mwaka 2030 iwe imechanja asilimia 90 ya wasichana kabla hawajatimiza miaka 15, imepima asilimia 70 ya wanawake kwa kipimo chenye uhakika mkubwa wafikapo miaka 35 na tena wafikapo 45, na imewatibu asilimia 90 ya wale waliokutwa na dalili au maradhi. Mradi wenyewe ni kuwashusha wagonjwa wapya wawe chini ya 4 katika kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Hesabu hizi zafaa zisomwe pamoja, maana taifa lililopima asilimia 70 likatibu nusu tu ya waliokutwa na dalili limefanya kazi kubwa likapata thawabu ndogo.

Kuhusu umri, jambo liko bayana: uchunguzi wa wanawake kwa jumla huanza miaka 30, kwa kuwa kabla ya hapo maambukizo mengi hupita yenyewe na kuyatibu ni kuudhi mwili bure, na kwa mwanamke aishiye na Virusi vya UKIMWI huanza miaka 25 na kurudiwa kwa muda mfupi zaidi, maana hatari yake ni kama mara 6 ya mwanamke mwingine. Hao wa kundi la pili hawahitaji kutafutwa mbali. Wamekwisha kuandikwa katika kliniki za tiba na matunzo, wana kadi, wana tarehe za kurudi, na kwa sababu hiyo mpango wowote ulio na hekima huanza kwao.

Kuhusu kipimo, mipango ya nchi zetu imejengwa juu ya kipimo cha siki, ambapo muuguzi hupaka siki hafifu juu ya mlango wa kizazi, akangoja dakika moja, akatazama kama pametokea weupe. Wako wanaokidharau kwa wepesi wake, nao hawatendi haki. Mjini Mumbai, nchini India, wanawake wasio matabibu walifundishwa kukifanya na kukirudia kila baada ya miaka miwili, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 31. Kasoro yake ni kwamba chategemea jicho la anayetazama, nalo huchoka na kusahau lisipofanyiwa mazoezi na usimamizi, na kwamba kwa mwanamke aliyekaribia kukoma hedhi sehemu inayopaswa kutazamwa hujirudisha ndani isionekane. Kipimo cha kirusi chenyewe hakina kasoro hizo. Katika wilaya ya Osmanabad, huko huko India, wanawake zaidi ya 130,000 walihusishwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, na kundi lililopimwa kirusi mara moja tu lilipata vifo karibu nusu ya vile vya kundi ambalo halikuitwa. Tena mashine zile zile zilizokwisha kusambazwa katika hospitali zetu kwa ajili ya kifua kikuu zaweza kukipima kirusi hiki, ikiwa vitendanishi vyake vitanunuliwa na zamu za mashine zitapangwa. Busara, basi, ni kuhamia kipimo cha kirusi wilaya kwa wilaya, kadiri vifaa vinavyothibitika kupatikana, bila kukiacha cha siki mahali ambapo ndicho pekee kilichopo.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa hofu nyingi za wapangaji hutokana na kuutazama mzigo wote wa taifa kwa mkupuo. Tuchukue kwa mfano wilaya yenye wanawake 20,000 wa umri wa kupimwa, nao wapimwe mara moja katika kila miaka 5. Hao ni wanawake 4,000 kwa mwaka, au 80 kwa wiki tukiacha wiki mbili za sikukuu. Na vituo 8 vya wilaya vikigawana kazi hiyo, kila kimoja kitapima wanawake 10 kwa wiki. Tukikadiria kwamba 10 katika kila 100 watakutwa na kirusi, wilaya nzima itakuwa na wanawake 8 kwa wiki wa kuangaliwa na kutibiwa. Kazi ya kiasi hicho haishindi nguvu za wilaya yoyote. Ugumu wake ni kwamba lazima ifanywe wiki hii, na wiki ijayo, na mwaka ujao, na muuguzi aliyefundishwa asihamishwe pasipo kuachiwa mrithi, na Bohari ya Dawa ilete vifaa kabla havijaisha, na kifaa kibovu kitengenezwe mwezi ule ule kilipoharibika. Kampeni ya siku mbili chini ya mahema huweza kupima watu wengi na kuwaamsha waliolala, nami siipingi. Lakini mahema yakishang'olewa, ni nani atakayemwita aliyekosa, au aliyepimwa akaondoka kabla ya majibu?

Hapo ndipo daftari linapoingia. Hatuna katika kila wilaya daftari la wakazi kama lile la Finland, lakini hatuanzi na mikono mitupu. Tunayo takwimu ya sensa ya mwaka 2022, ituambiayo kila kata yatarajiwa kuwa na wanawake wangapi wa umri huo. Tunao watendaji wa vijiji na mitaa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wazijuao nyumba na waliomo. Na tunavyo vitabu vya MTUHA, ndivyo vya kumbukumbu za huduma za afya, katika kila zahanati. Upungufu wa vitabu hivyo, kwa kazi hii, ni kwamba vimepangwa kuhesabu waliofika, ilhali mpango wa uchunguzi wataka kumjua asiyefika. Kwa hiyo kila kijiji kiandikishe wanawake wake wa miaka 30 hadi 49, kila mmoja apewe namba itakayomfuata ahamapo, na kila mwezi mganga mfawidhi atoe orodha mbili: ya walioitwa wasije, na ya waliokutwa na dalili ambao tiba yao haijaandikwa. Orodha ya pili isivuke mwezi ikiwa na jina lile lile pasipo mtu kutumwa nyumbani kwa mwenye jina.

Tiba yenyewe, kwa walio wengi, ni nyepesi. Zamani ilitegemea mitungi ya gesi ya kugandisha, mizito kubeba na ghali kujaza, na mtungi ulipokwisha kliniki ilifungwa. Siku hizi viko vifaa vya joto vishikwavyo mkononi, viendeshwavyo kwa betri, ambavyo huunguza sehemu yenye dalili kwa muda usiozidi dakika chache, na Shirika la Afya Duniani limeviidhinisha tangu mwaka 2019. Maadamu hivyo vyaweza kufika hata zahanati, kanuni iwe kwamba mwanamke aliyekutwa na dalili zinazotibika kwa joto atibiwe siku ile ile, kwa sababu kila safari ya pili anayotakiwa kuifunga ni nafasi ya kumpoteza. Wachache wenye dalili kubwa zaidi wapelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa wakakatwe sehemu ile, na kinyama kipimwe na wataalamu wa patholojia, ambao ni wachache nchini na mzigo wao wapaswa kuhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mpango. Na wale watakaokutwa na saratani kamili, kwani hapana budi watakuwapo, wawekewe nauli, malazi na siku ya miadi Ocean Road au hospitali ya Bugando, Mwanza, kabla hawajaondoka kwao. Mwanamke wa Rukwa au Kigoma asiachwe aulize njia peke yake akiwa mgonjwa.

Lakini hata mpango uliotimia kwa vifaa hautafanikiwa ukiisahau haya. Waswahili husema mficha uchi hazai, na ni kweli kwamba mwanamke hana budi kujifunua kwa mkunga ili apone; ila methali hiyo isigeuzwe lawama juu yake, maana wajibu wa sitara ni wa kituo. Mlango ufungike, pazia liwepo, shuka iwe safi, anayepima awe mwanamke kila iwezekanapo, na habari za chumbani zisisikike kwenye benchi la wanaongoja. Kipimo cha kirusi chaleta faraja nyingine, kwa kuwa mwanamke aweza kujichukulia mwenyewe sampuli kwa kijiti cha pamba, nyumbani au faraghani kliniki, akakirudisha. Pwani yetu tangu zamani msichana hukabidhiwa kwa somo au kungwi amfunze mambo ya mwili wake. Watu hao wenye kuaminiwa katika siri za wanawake wangefundishwa habari hizi wangeita wengi kuliko gari lenye kipaza sauti. Wanaume nao waambiwe, na waambiwe lililo la haki: kwamba kirusi hiki chaweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo kujulikana, hata jibu la leo lisiwe ushahidi wa usaliti wa jana, na kwamba mume ampaye mkewe nauli na ruhusa ya moyo safi ameilinda nyumba yake mwenyewe.

Yamkini msomaji atauliza kwamba, maadamu chanjo ipo, kuna haja gani ya taabu yote hii. Chanjo ni neema kubwa. Rwanda ilitangulia Afrika mwaka 2011. Tanzania, baada ya majaribio mkoani Kilimanjaro, iliieneza nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa kufuata ushahidi ambao sehemu yake ilipatikana kwa wasichana wa Mwanza na wanawake vijana wa Kenya. Lakini tuhesabu. Msichana aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14 atatimiza miaka 30 mwaka 2034. Dada yake aliyezaliwa mwaka 2003, ambaye chanjo ilimpita kwa mwaka mmoja, atatimiza miaka 50 mwaka 2053. Kwa muda wote huo, takriban kila mwanamke aliyezaliwa kabla ya mwaka 2004 hana kinga ila uchunguzi. Mama na shangazi za wasichana tunaowachanja ndio walio hatarini leo, nao wangeachwa, taifa lingekuwa limewaokoa watoto na kuwazika wazazi wao.

Mwisho, mpango uhukumiwe kwa hesabu iliyo ya kweli. Idadi ya waliopimwa hupendeza katika hotuba, lakini yaweza kuficha kwamba mtu mmoja amepimwa mara tatu na jirani zake wawili hawajapimwa kamwe. Viongozi waulizwe kila mwaka mambo matatu: katika kila wanawake 100 wanaostahiki, ni wangapi wamepimwa walau mara moja, katika kila 100 waliokutwa na dalili, ni wangapi wametibiwa, na kila mwanamke aliyefika hospitali na saratani iliyokomaa, je, aliwahi kuitwa, na kama hakuitwa ni kwa nini. Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, na wilaya itakayothubutu kuliuliza na kulijibu bila kumwonea mtu itajifunza mengi kuliko semina yoyote.

Nawaomba, basi, wenye mamlaka ya bajeti waiandike kazi hii katika mafungu ya kila mwaka ya serikali, isingoje hisani ya wafadhili ambao huja na kuondoka; nawaomba wabunge na madiwani waulizie orodha ya waliokutwa na dalili wasitibiwe, kama waulizavyo habari za barabara na visima; na nawe, msomaji, ikiwa u mwanamke wa miaka 30 au zaidi na hujapata kupimwa, usingoje mpango ukamilike. Nenda wiki hii katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, uliza siku ya kipimo cha mlango wa kizazi, na umchukue mwenzio mmoja muende pamoja.